Vikombe viwili: nilivyomtoa binti yangu kwenye chupa nikamkosesha maziwa

Wakuu, naanza na kosa, maana nikianza na salamu najijua, nitazunguka mpaka nighairi kuandika.

Nilimwachisha binti yangu chupa ya maziwa kwa siku moja. Chupa zilikuwa nne. Nilizikata zote kwa mkasi ili hata mke wangu asije akaiokota moja kwa huruma, nikazitupa jalalani. Siku hiyo nilijiona baba wa mfano.

Hilo ndilo kosa dogo. Kubwa liko huko chini.

Haya, wakubwa shikamooni, wa rika langu poleni na majukumu. Nayoandika yamenikuta mwenyewe, hakuna chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mke wangu anaweza kupita humu na yeye hakuomba kuandikwa.

Mimi ni fundi simu, nipo Morogoro mjini, Mwembesongo. Sikusomea ufundi popote. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu simu zangu mwenyewe. Sasa mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: anaishi na hofu kwamba kuna kitu wenzake walifundishwa darasani, yeye hakijui, na siku moja kitamuumbua. Kwa hiyo napima kila kitu mara mbili. Skrubu nazipanga juu ya karatasi yenye mchoro. Nikikosea jambo dogo, hata chakula hakipiti.

Meza yangu ya kazi ilikuwa barazani, hapo hapo tunapoishi. Mke wangu, tumwite Zuhura, anauza kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi katikati ya mji. Anatoka asubuhi, anarudi jua likiwa limeshazama. Kwa hiyo mtoto wetu Nasra alikuwa anashinda na mimi. Tulikubaliana hivyo wenyewe, na nilikuwa naona fahari.

Chupa ilikujaje? Nasra akiwa na miezi mitano, Zuhura alipata jipu kwenye titi, likapasuliwa, mtoto akagoma kunyonya na maziwa yakakata. Tukaingia kwenye maziwa ya kopo. Alipofikisha mwaka tukahamia ya ng'ombe, tunachemsha wenyewe. Chupa ikawa ndiyo kila kitu: ya kuamkia, ya kulalia, ya kunyamazia.

Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili nikaona meno yake ya mbele yameanza kubadilika rangi. Nikampeleka kliniki siku ya kupima uzito.

Nesi alimfunua mdomo, akauliza, "Analala na chupa huyu?"

Nikasema ndiyo.

"Baba, unamuozesha meno. Chakula anakula?"

"Anaonja tu."

"Atakula saa ngapi na tumbo limejaa maziwa? Toa chupa. Mpe maziwa kwenye kikombe, vikombe viwili kwa siku vinamtosha, nafasi inayobaki ale. Haya, mwingine!"

Nyuma yangu kulikuwa na benchi zima la kina mama, mwanaume nipo peke yangu, na mmoja alikuwa ameshaanza kumvua mtoto nguo tayari kwa mzani. Nikabeba mtoto nikaondoka. Sikuuliza swali hata moja.

Uzito siku hiyo ulikuwa kilo tisa na gramu mia moja. Kumbukeni hiyo namba, mimi siwezi kuisahau.

Nikafika nyumbani nikaingia Google kuhakikisha. Nikakuta mtoto wa mwaka mmoja na kitu: two cups of milk a day. Pembeni kulikuwa na namba nyingine za ounces, sikuzielewa, nikaziruka. Moyo ukatulia. Nesi kasema viwili, Google kasema viwili.

Kesho yake ndiyo nikazikata chupa.

Halafu nikaenda kununua kikombe. Nilikuwa nimesoma kwamba plastiki ya bei rahisi si nzuri kwa mtoto, kwa hiyo nilitaka cha udongo, na kiwe kidogo, mkono wake ukizunguke. Kwenye duka la vyombo, mama mwenye duka, Mhindi mtu mzima anayeongea Kiswahili cha Moro kuliko mimi, akaniwekea mezani vile vikombe vya kahawa visivyo na mkono.

"Kidogo kabisa ndiyo hivi. Lakini hivi watu wanachukua dazeni."

"Mimi nataka kimoja tu, mama."

"Kimoja? Una paka?"

Nikacheka. Nikalipa. Nikarudi nyumbani na kikombe changu kimoja kwenye gazeti.

Wenye macho mmeshaona tatizo. Mimi sikuliona kwa wiki kumi.

Niseme ukweli, siyo kwamba sikujua kwamba ni kikombe cha kahawa. Nilijua. Ila kichwani kwangu kikombe ni kikombe. Nesi hakusema kikubwa, hakusema kidogo. Alisema vikombe viwili, na mimi kikombe ninacho.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Nasra alikuwa anatafuta chupa chini ya kitanda, anafungua kabati, anarudi ananiangalia. Hasemi, maana maneno hakuwa nayo, ila anaangalia. Nikimpelekea kikombe anafunga mdomo. Akikubali, nusu inamwagikia kifuani.

Mimi nikasema hayo ni mazoea tu, yatapita. Asubuhi kikombe kimoja, jioni kimoja, kila siku naweka tiki kwenye notes za simu. Kikombe chenyewe nilikuwa nakichemsha, nakikausha, nakifungia kwenye kopo lake lenye kifuniko ili kisichanganyike na vyombo vingine.

Hapa nakiri jambo ambalo hata mahakamani ningelificha. Zuhura alikuwa anachanganya maziwa kwenye uji wa mtoto. Nilimkataza. Nilimwambia tukiweka kwenye uji, vikombe viwili havitakuwa viwili tena, vitazidi, na ataacha kula.

Akirudi kazini anauliza, "Kanywa?"

"Kamaliza viwili vyake."

"Nimwongezee kidogo? Naona ananitazama mdomo."

"Usimwongezee, Mama Nasra. Nesi kasema mwisho viwili."

Yeye akisikia vikombe viwili, alikuwa anawaza vikombe vyetu vile vya chai. Hata Jumapili akiniona na kile kidogo mkononi, alidhani namimina kidogo kidogo mpaka vitimie viwili vikubwa. Tulikuwa tunatumia neno moja, kila mtu na chombo chake kichwani.

Na chakula? Nilitegemea chupa ikiondoka njaa itamleta kwenye ugali. Haikumleta. Mtoto aliyenyang'anywa kitu chake alichokuwa anakitegemea anakuwa na huzuni, wakuu, na mtoto mwenye huzuni hali. Anakula vijiko viwili vya uji, anageuza uso ukutani.

Mwezi wa kwanza kliniki uzito ulishuka. Kilo nane na gramu mia sita. Wakaniambia kapungua, nimuongezee mlo, nirudi mwezi ujao. Nikaongeza mlo anaoukataa. Maziwa sikugusa, si yalikuwa sahihi?

Mwezi wa pili sikwenda.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha kwanza ndiyo nikarudi. Sikwenda kwa sababu nilikuwa naona mwenyewe. Mikono ilikuwa imekuwa miembamba, ngozi ya mapaja imelegea, ana hasira, halafu baadaye hana hata hasira. Niliogopa nesi achore ile nukta kwenye kadi. Nikamwambia Zuhura tumepima, yuko sawa. Nilimdanganya. Nilijiambia nitarekebisha kwanza, kisha nitampeleka akiwa amenenepa.

Maneno yakaanza mtaani. Jirani yetu, nimwite Mama Hadija, alipita barazani akasimama.

"Fundi, simu za watu zinapona, mtoto mbona hazidi?"

"Anaota meno, mama."

"Meno gani yanayomla mtoto shingo?"

Akacheka, akaenda zake. Lakini kicheko kile hakikuwa cha utani. Baada ya siku chache neno likamfikia Zuhura dukani: mtoto kabemendwa. Kwa asiyelijua, ni kwamba mzazi katoka nje ya ndoa wakati mtoto bado mchanga, akarudi akamshika mtoto, na mtoto anadhoofika kwa sababu hiyo. Na ushahidi wao walikuwa nao. Mwanaume anashinda nyumbani, mke hayupo, wanawake wanapishana barazani na simu zao. Kuna dada mmoja wa saluni sehemu ya chaji ya simu yake ilisumbua, akarudi mara tatu. Ikawa kesi.

Zuhura hakupiga kelele. Alirudi, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na Nasra mapajani.

"Nijibu mara moja tu, sitauliza tena. Kuna mtu?"

"Hakuna, wallahi."

"Basi mwanangu anaumwa nini?"

Nikamuonyesha simu, tiki zangu, wiki tisa, hakuna siku niliyoruka. Akaziangalia kama mtu anayeonyeshwa picha za msiba wa wengine.

Wiki hiyo hiyo akashuka mjomba wake kutoka milimani. Zuhura ni Mluguru, kwao ni juu ya Mkuyuni, njia ya kwenda Matombo. Mimi natokea Singida. Nilipooa niliambiwa kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza historia. Sikujua kwamba kuna siku kauli hiyo itaingia nyumbani kwangu na mwavuli mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Akampakata, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Vidole vikakutana, vikapitana.

"Baba Nasra, sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua mwanetu na mama yake. Kama una la kusema, utalisemea kule, mbele ya dada yangu."

"Mjomba, mimi sijafanya wanalosema."

"Sijakuuliza umefanya nini. Naangalia mkono."

Wakaondoka na begi moja. Zuhura aliaga dukani kwa simu. Hakunikataza kuwafuata wala hakuniambia niwafuate.

Nilikaa siku nne. Sikufungua simu ya mtu yeyote. Siku ya tano nikachukua kopo langu na kikombe changu, na karatasi niliyonakili zile tiki kwa mkono, nikaenda stendi ya Msamvu kwanza kumrudishia mteja simu yake, kisha nikapata bodaboda mpaka Mkuyuni. Kutoka hapo nikapanda kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya milimani isiyo na haraka, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, matope yanavuta kiatu. Njia nzima nilikuwa napanga utetezi. Mnaona akili yangu? Mtoto anakonda, mimi napanga utetezi.

Mama mkwe alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanipa kigoda, akanipa chai, akakaa mbali kidogo kama heshima ya mkwe inavyotaka. Nasra alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefungwa khanga. Aliniona, akaniangalia, akalaza kichwa tena.

Nikatoa maelezo. Tangu nesi mpaka tiki. Mama mkwe akasikiliza yote, akasema, "Sawa, baba. Hayo ya watu tuyaache. Saa ya maziwa ikifika, mpe wewe, nione anavyokunywa."

Nikafungua kopo. Nikatoa kikombe.

"Hicho cha nini?"

"Ndiyo kikombe chake, mama."

"Si cha kahawa hicho?"

"Ndiyo."

"Unampa vingapi?"

"Viwili. Asubuhi na jioni."

Mjomba aliyekuwa mlangoni akageuka. Zuhura akaacha kupepeta mchele.

Mama mkwe aliinuka. Alichukua kikombe changu cha chai, akamwaga chai yangu nje, akakiweka chini. Akachota maji mtungini kwa kile kidogo akamimina. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Cha tano kilipofika katikati ndipo cha chai kikajaa.

"Kumbe," akasema. "Marehemu baba yake Zuhura alikuwa anakunywa kumi vya hivi, halafu anauliza kahawa italetwa saa ngapi."

Mjomba alicheka. Kicheko kifupi, akakikatisha mwenyewe. Nilikuwa napiga hesabu, sikuweza kuizuia: wiki kumi, na kila siku haifiki hata nusu ya kikombe kimoja cha chai, na humo humo toa kilichomwagikia kifuani.

Zuhura alikuja akakiokota kile kikombe. Akakigeuza geuza.

"Bora ingekuwa mwanamke," akasema. "Angalau mtoto angekuwa ameshiba."

Halafu ndipo alipolia. Mimi pia. Na ndipo nikasema na lile la kliniki nililomdanganya. Hilo ndilo lililoharibu kabisa. La kikombe alinisikitikia. La kliniki, hapana.

Asubuhi yake tukashuka wote mpaka kituo cha afya. Kilo saba na gramu mia nane. Ile tepe ya kupima mkono ikasoma njano. Utapiamlo wa kadiri, wakasema, hatujachelewa sana, lakini mje kila wiki. Muuguzi alisikiliza habari ya kikombe, hakucheka.

"Na wewe hukuuliza kikombe gani?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na foleni."

Akaandika kitu, akatoa kikombe cha plastiki chenye mistari pembeni. "Kikombe tunachosema sisi ni hiki, robo lita. Viwili ni nusu lita. Na maziwa ya kwenye uji ni maziwa, baba, hayapotei njiani."

Sasa kwa wenye watoto wa umri huu, niwaachie kilichofanya kazi, kisha ninyamaze.

Maziwa yalirudi kwenye uji, na kwenye ndizi za kuponda, maana kule milimani walikobaki ndizi hazikosekani. Mtindi wa kijiko alikula kabla hajakubali maziwa ya kunywa. Kikombe kilikuwa cha kawaida, chepesi, chenye mikono miwili, ila ndani tunaweka mafunda matatu tu kwa wakati, akimaliza tunaongeza. Kikimwagika hatusemi kitu. Tunampa baada ya kula, si kabla. Na bibi yake alikuwa anakunywa chake kwanza mbele yake, taratibu, anajipangusa mdomo, mpaka mtoto akawa ananyoosha mkono mwenyewe. Kitu hicho sikukisoma popote.

Tungepunguza chupa moja moja, ile ya kulalia ikabaki ya mwisho, nadhani asingeumia kiasi kile. Mtaalamu akikutajia kikombe, kijiko au bakuli, mwambie akuonyeshe, au akutajie kwa lita. Foleni ikununie, ikusonye, wewe uliza. Na kama mstari kwenye kadi unashuka, ndiyo siku ya kwenda kliniki, siyo siku ya kujificha.

Yule jirani nilimweleza baadaye. Akasema, "Aah, kumbe kikombe," akaendelea kuanika nguo. Kusambaza kwamba si kweli hakusambaza. Habari ya kikombe haina utamu ule. Kuna watu mtaani wanaamini mpaka leo.

Kama kuna mzazi humu alipitia jambo la namna hii, hasa kina baba tunaoshinda na watoto, naomba aandike hapo chini. Hata kunitukana nitapokea, ila nikipata na ushauri wa namna ya kurudisha kuaminika nyumbani nitashukuru zaidi.

Hali ilivyo sasa: Nasra ana mwaka mmoja na miezi minane, ana kilo tisa na nusu, anakunywa nusu lita kwa siku kwa kikombe bila chupa. Walirudi Mwembesongo baada ya miezi miwili, pamoja na mama mkwe. Zuhura amerudi dukani. Meza yangu nimeihamishia Msamvu. Mtoto anashinda na bibi yake, na maziwa anampa yeye.